Nimepiga Picha ya Familia Peke Yangu

Leo mpiga picha ameniuliza, "Mwalimu, wengine wako njiani?"

Nikaangalia mlango.

Kila mwisho wa mwaka mimi, mke wangu Akiru na wasichana wetu wawili tulikuwa tunatoka nyumbani mtaa wa Wabera kwa miguu, tunaenda studio hapa Isiolo mjini kupiga picha moja. Wasichana walikuwa wanagombana nani atasimama karibu na mama yao. Kelele, jamani!

Akiru alifariki mwezi wa nne. Wasichana wako Nairobi, kazini hawakupewa ruhusa.

Leo nimevaa koti, nikaenda tu.

"Leo ni mimi peke yangu," nikamwambia mpiga picha.

"Basi songa katikati."

Nilijaribu. Miguu ikakataa. Miaka kumi na tisa nimesimama pale kushoto!

Akapiga hivyo hivyo.

Nilipomtumia msichana wangu mkubwa ile picha, alipiga simu mara moja. "Baba, mbona umesimama pembeni?"

"Nimewaachia nafasi."

Nikasikia analia. Kisha akasema, "Kaa hapo nyumbani. Natafuta gari saa hii."

Nimeweka chai, nimekaa mlangoni.

Nyinyi leo mko na nani?