Alama za Madamu Miza

Siku ya tatu ya matanga, watu wangali mikekani, shule ilituma mtu. Hakuja kutoa pole. Alikuja kuchukua kaye, daftari la alama za wanafunzi.

Alikuwa Népomuscène, karani wa shule ya mtaa wa Kibenga alikofundisha marehemu. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu. "Muzee Sleiman, direkteri anaomba ile kaye ya marehemu. Proklamasio ya matokeo iko karibu."

Sleiman aliufungua mkoba wa mkewe, akaitoa kaye, akampa. Hata nani ataitunza hakuuliza. Baadaye alijilaumu kwa kosa hilo kuliko alivyomlaumu mtu yeyote.

Miza alikuwa mtu wa Ujiji. Alivuka ziwa miaka ishirini na miwili iliyopita kuja kufundisha, akaolewa mtaa wa Jabe na huyu Sleiman, muuza misumari na makufuli. Akishaswali alfajiri alikunywa chai, akabeba chaki zake mwenyewe, kwa sababu za shule zilivunjika ovyo, akaenda. Wazazi wakipendezwa walimwita Madamu. Wakichukia walimwita Mutanzania. Mtoto akifeli, mama yake alisema, "Huyu mugeni anaonea watoto wetu." Mtoto akishinda, hakuna aliyekumbuka Miza katoka wapi. Kila alipokwenda kuomba upya kibali cha kuishi alirudi, akasonga ugali wa watu kumi.

Sleiman alikasirika kwa niaba yake. Miza mwenyewe alicheka tu. "Nilikuja kufundisha, mume wangu. Sikuja kupendwa."

Sleiman hakusoma. Baba yake alimweka nyuma ya meza ya duka akiwa na miaka saba, akamwambia darasa lako ndilo hili. Herufi hazijui. Tarakimu anazijua kama vidole vyake. Mtajie hesabu kumi mfululizo, hujafunga mdomo amekwisha kukupa jumla. Ndivyo walivyofanya kazi miaka yote wawili hawa: Miza anataja alama za mtoto, somo baada ya somo, Sleiman anajumlisha kichwani, Miza anaandika. Kalkuleta hakuitaka. Alisema kidole huteleza, Sleiman hatelezi.

Mwaka huu walifanya hivyo Miza akiwa kitandani, tumbo limemvimba. Siku nne, baada ya swala ya alasiri, watoto tisa kila siku. Sauti yake ilikuwa imebaki kama uzi. Walipomaliza wa thelathini na sita akasema, "Nella ndiye wa kwanza. Mia nane arobaini na mbili juu ya elfu. Maxime wa pili, mia saba tisini na moja. Alhamdulillahi, binti Zénon atasoma bure."

Zénon hupakua mizigo bandarini. Na shule ile ina desturi yake: wa kwanza wa kila darasa halipiwi karo mwaka unaofuata. Pasipo hiyo Nella asingerudi Kibenga.

Baada ya wiki moja Miza akafa.

Siku ya proklamasio Sleiman alivaa kanzu, akaenda. Miza hakukosa hata moja. Wazazi wote hukusanyika uwanjani, majina husomwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, kila mtoto akapita mbele za watu kuchukua buletini yake, karatasi ya alama. Wa kwanza hupigiwa makofi. Wa mwisho hutembea akitazama vidole vya miguu.

Direkteri Rénovat, mkuu wa shule, alishika kipaza sauti. "Tunamkumbuka Madamu Miza, mgeni wetu aliyetutumikia vizuri." Miaka ishirini na miwili, na bado mgeni. "Sasa mwaka wa tano, darasa lake, kwa alama alizotuachia yeye mwenyewe. Wa kwanza ni Maxime, asilimia themanini na saba."

Baba yake Maxime, Jovithe, ana ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Viti vipya walivyokalia wazazi siku ile alivitoa yeye. Alikuwa mstari wa mbele, simu mkononi, tayari kupiga picha.

Damu ilimpanda Sleiman. Wezi anawajua, amewaona dukani miaka hamsini. Lakini kumtia maiti uongo mdomoni hakupata kuona. Alisimama.

"Uongo."

"Muzee, kaa chini, jua limekupiga," mtu akasema nyuma, watu wakacheka.

"Nitakaa. Maxime alipata mia saba tisini na moja. Nella mia nane arobaini na mbili. Huyu aseme hizo nyingine amezitoa wapi."

Jovithe akageuka kitini. "We unajua kusoma?"

"Apana."

"Sasa?"

"Najua kujumlisha. Unanunuaga makufuli kwangu, mi nilishakosea siku gani?"

Kicheko kikahamia upande wa pili.

Direkteri alitaka kuendelea, ila Sleiman alikwisha kuanza kutaja. Orodha aliijua kwa sikio, kwa mpangilio aliosomewa na mkewe. "Dalia, mia sita na kumi. Mazin, mia tano sabini na tatu. Marwa, mia saba na tisa." Buletini zilikuwa mikononi mwa Dorothée, mwalimu kijana wa darasa la jirani. Akawa anazifunua moja moja. "Ni hivyo," akasema. "Ni hivyo. Na hii pia." Walifika kumi na nne hakuna iliyopishana. Hapo direkteri akamnyang'anya.

"Tutaangalia wiki ijayo."

"Kaye iko wapi?"

"Ofisini. Na ofisi imefungwa, ufunguo haupo."

"Nitaungoja."

Alikwenda kukaa kwenye kizingiti cha ofisi. Huko uwanjani majina ya madarasa mengine yakaendelea. Zénon akamfuata, uso umekunjamana.

"Muzee, unanisaidia ao unaniua? Mutoto wangu anapashwa kusoma hapa."

"Atasoma hapa kwa kipi, akiwa wa pili?"

Zénon akapangusa vumbi kizingitini kwa mkono. Naye akakaa.

Watu walikunywa fanta zao wakaenda. Jovithe akaenda na mwanawe na picha zake. Direkteri hakuweza kwenda: funguo za gari lake zilikuwa mle mle ofisini. Saa tisa akatoa ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, akafungua.

Kaye ilikuwa mezani. Sleiman aliweka kidole juu ya tarakimu. Penye 791 palipakwa wino mweupe, tarakimu za zamani bado zikionekana kwa mbali, juu yake pameandikwa 871. Dorothée, aliyekuwa amebaki, akasoma jina la pembeni: Maxime. Mstari wa Nella haukuguswa.

"Karani alikosea," alisema Rénovat. Népomuscène, aliyesimama mlangoni, akatazama sakafu. "Basi, Nella ni wa kwanza. Karo halipi. Nimesema."

"Umesema humu ndani. Kasome nje."

"Watu wamekwenda, muzee."

"Wasomee waliopo."

Waliopo hawakufika kumi, pamoja na wafagiaji. Direkteri alisimama pale pale pa asubuhi. "Mwaka wa tano. Wa kwanza, Nella."

"Kwa sauti. Asubuhi ulisikika mpaka ziwani."

Akarudia kwa sauti. Nella alivuka uwanja mtupu, akapokea buletini yake. Baba yake akapiga makofi peke yake, kwa viganja vile vya bandarini.

Sleiman hakupiga.

"Endelea," alisema. "Wa pili. Alama alizoacha Miza ni za watoto thelathini na sita."