Ndege ya Mikia Miwili

Mwanangu, kuna siku moja ya usichana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka mwili unanisisimka. Ilikuwa miaka ile nchi ilipokuwa ikimeguka vipande. Mama yangu alikuwa amekwenda kaskazini kumzika bibi, mara vita vikazuka na reli ikakatwa nyuma yake. Sisi watoto tulibaki huku kusini, mtaani Naviundu, hatujui kama yu hai. Hatimaye mjomba Ilunga, mdogo wake mama, fundi wa injini pale uwanja wa ndege, akatuletea habari: mama amepata nafasi katika ndege ndogo.

Ndege hiyo ilikuwa na mikia miwili, mmoja huku, mmoja kule, na wanawake wa mtaa walikwisha kuipa jina: Mama wa Mapasa, yaani mama wa mapacha. Kwetu Waluba mapacha hawapokewi kimya kimya. Tunajipaka udongo mweupe usoni na kuwaimbia nyimbo za matusi ambazo siku nyingine ungechapwa kwa kuzitaja tu. Basi kila ndege ile ilipotua, akina mama waliiimbia hivyo hivyo. Nami niliyefundishwa na masista, siku ya mama kurudi niliimba kuwashinda wote.

Tulikuwa katikati ya wimbo tulipoiona ikija chini chini, pangaboi ya injini moja imesimama kabisa. Wimbo ukatukauka. Nikapiga yowe, na mjomba akanishika bega.

"Ngoie, hapana kulia! Angalia mikia."

"Mjomba, mama iko mule ndani!"

"Najua. Ni yaya yangu, dada yangu mukubwa. Sikia: moteri moja ikikufa, ile nzima inavuta ndege upande, inataka kuizungusha. Lakini nyuma ya kila moteri kuko mukia yake. Upepo ya ile nzima inapiga ku mukia yake na nguvu, na ule mukia unarudisha pua mu njia. Ile mikia, habakuiweka juu ya kupendeza bantu tu."

Sauti yake ilikuwa imara, ila vidole vyake vilinibana hadi nikaumia. Nikatazama. Ndege ilitaka kwenda kombo, kisha ikarudi. Ikataka tena, ikarudi. Hofu haikuniisha, mwanangu, lakini nilistaajabu kupita kiasi. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeketi na penseli yake, hata kabla ndege haijaruka, akaifikiria siku ambayo injini moja ingekufa.

Ikagusa ardhi, ikayumba, ikasimama. Mama alishuka amekonda, kitenge kimoja mwilini. Rubani alishuka wa mwisho, akaketi palepale chini. Mguu wake mmoja ulikuwa unatetemeka hauzuiliki, maana ndio uliokanyaga pedali ya kuigeuza mikia tangu injini ilipozimika. Mama hakutukumbatia kwanza. Alifungua kifurushi, akatoa chupa ya mafuta ya mawese, akapiga magoti akaukanda mguu ule huku analia.

"Muguu hii," alituambia, "ndiyo imenirudisha kwa batoto wangu."

Sasa nisikilize vizuri. Mjomba alinieleza baadaye kwamba injini iliyokufa haikuwa hatari pekee. Nguvu za ile nzima nazo zingeweza kuwaangusha wote, kama pasingekuwa na kitu nyuma yake cha kuzirekebisha. Wewe leo una kazi, kaka yako amepoteza yake, na nyumba yenu inakwenda kombo. Nakuona unavyovuta kwa nguvu, na unavyosema kwa sauti ya mwenye nyumba. Vuta, lakini kubali kurekebishwa. Kaka yako asidharauliwe mezani. Mkeo akikwambia umepitiliza, nyamaza umsikilize. Kanyaga pedali yako hata mguu utetemeke, mpaka wote mshuke salama.

Mungu akupe nguvu, mwanangu, na akuwekee nyuma yako watu wa kuzinyoosha. Uzeeke ukizungukwa na wote uliowabeba.