Uwanja Usio na Nyasi

Luvenia Tolbert alipohamia mtaani kwetu Chicago, hata mapazia hakuyatundika kwanza. Alichukua jembe akang'oa nyasi zote za mbele ya nyumba, akamwagia maji udongo, akaushindilia kwa miguu mpaka ukashikana, kisha akafagia. Kufika Jumapili, pale mbele ya mlango palikuwa peupe kama kiganja.

Kilikuwa kiangazi cha mwaka 1953. Wengi wetu tulikuwa watu wa Kusini, wa Mississippi, Alabama na Georgia. Tulikuja kwa treni kutafuta kazi viwandani, na kukimbia mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyasimulia mezani. Lakini mtaa ulikuwa na chama, na mwenyekiti wa chama alikuwa Bi. Hortense Whitlow, mwalimu wa piano, mwanamke mweusi kama sisi, ila yeye alisema kwao ni Chicago tangu enzi na enzi. Watu wa Kusini aliwaona kama wageni waliokuja na matope miguuni. Sheria za chama alizibandika dirishani kwake: marufuku kufuga kuku, marufuku kukaa barazani na kitambaa kichwani, marufuku kumwita mtu kwa kelele kutoka ng'ambo ya barabara. Na nyasi zikatwe kila Jumamosi. Kila mwaka mitaa ilishindania kikombe cha nyasi nzuri, na kikombe kile kilimnyima Bi. Whitlow usingizi.

Mimi nilikaa nyumba ya pili, nikatenganishwa na Luvenia kwa uzio wa mbao tu. Kwa hiyo siku Bi. Whitlow alipokuja na glavu zake nyeupe, nilisikia yote.

"Bi. Tolbert, nyasi zako zimepatwa na nini?"

"Nimezing'oa, mama."

"Umezing'oa kwa nini?"

"Nyasi ni chakula cha ng'ombe. Nami ng'ombe nimemwacha Mississippi."

Bi. Whitlow akavuta pumzi. "Hapa si shamba, dada yangu. Hapa ni mjini. Watu wakipita wanatutazama."

"Watazame tu. Pamefagiliwa."

Jioni mume wa Luvenia, Ezell, alirudi kutoka kiwanda cha chuma, akaambiwa na majirani kabla hajafika mlangoni. Ezell alikuwa mtu wa maneno machache, na alilipenda jiji. Alikuwa amenunua kofia mbili na alitaka kuitwa Bwana Tolbert.

"Luvenia, unatuaibisha."

"Nyasi mlangoni ni kumkaribisha nyoka. Mama yako mwenyewe alikufundisha hivyo."

"Chicago hakuna nyoka, mke wangu."

"Wapo. Mmoja alikuja leo na glavu."

Ezell hakubishana. Alingoja mkewe aende kulala kwa shangazi yake aliyekuwa akiumwa upande wa magharibi wa jiji, kisha akaleta gari la nyasi zilizokwisha kuota, zile zinazouzwa zikiwa zimekunjwa kama mikeka. Yeye na rafiki zake wawili wa kiwandani wakazitandaza. Bi. Whitlow alipita akatikisa kichwa kwa furaha, akamwita Bwana Tolbert mara kadhaa.

Luvenia aliporudi asubuhi alisimama njiani na mkoba wake, akatazama. Aliingia ndani akabadili nguo, akatoka, akapiga magoti pembeni na kuanza kukunja. Zilikuwa hazijashika mizizi, zikakunjika vizuri. Akabeba mkunjo mmoja baada ya mwingine, akazipanga kwenye ngazi za Bi. Whitlow mpaka mlango ukawa hauonekani. Halafu akabonyeza kengele.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Ni mimi, Tolbert. Umesahau mikeka yako kwangu, mama."

Mtaa ulicheka wiki nzima. Ezell alilala sebuleni kwa hiari yake. Kikombe kilikwenda mtaa mwingine mwaka ule, na wanachama wa chama waliacha kumsalimia Luvenia. Alionekana hajali. Sijui kama alijali. Hakuwa mtu wa kujieleza.

Alikuwa na ufagio wa vijiti alioletewa na mpwa wake kutoka kwao. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaacha michirizi kama ya chanuo kwenye nywele. Usiku joto likizidi ndani ya nyumba zetu za matofali, watu walianza kuleta viti kwake, kwa sababu mahali pengine palikuwa ni nyasi za Bi. Whitlow, na nyasi hizo hazikanyagwi. Luvenia alikaanga kambare kwenye sufuria kubwa la chuma, akatoa mkate wa mahindi. Wanawake walisukana. Wanaume waligonga domino na kutukanana kwa upendo.

"Wewe hujui domino, wewe wa Alabama. Kwenu mnacheza na mbegu za tikiti."

"Na mbegu hizo hizo ndizo zitakazokufunga leo."

Hata baadhi ya wanachama walikuja, wakipitia mlango wa nyuma.

Sasa, Bi. Whitlow alikuwa na mama yake ghorofani. Tulijua yupo kwa sababu daktari alikuja, na wakati mwingine pazia lilitikisika. Hatukuwahi kumwona. Asubuhi moja ya Septemba nilifungua mlango nikamkuta kikongwe mwembamba amesimama katikati ya uwanja wa Luvenia, amevaa gauni la kulalia, pekupeku, anafagia. Alifagia kwa mkono mmoja, mwingine nyuma ya mgongo, akirudi kinyumenyume ili asikanyage alipokwisha kupita. Luvenia alikuwa amekaa ngazini na kikombe cha kahawa, anamwangalia.

"Ni nani?" nikauliza.

"Sijui. Amesema pachafu, akachukua ufagio."

Bi. Whitlow akaja mbio, bila glavu, bila kofia. "Mama! Mama, turudi nyumbani!"

Kikongwe hakuinua kichwa. "Usinikanyagie, Tensie. Wageni wanakuja."

Niliona uso wa Bi. Whitlow ukibadilika. Mama yake, Arzella, aliongea kwa lafudhi ya Georgia ya ndani kabisa, ya vijijini, ambayo hata mimi nilikuwa sijaisikia kwa miaka; kumbe kwao Bi. Whitlow nako ni Kusini.

"Mwache amalize," Luvenia alisema. "Amebakiza kona tu."

Bi. Whitlow akasimama pale njiani, mikono imening'inia, akangoja mama yake amalize kona.

Tangu siku ile Mama Arzella alikuja kila asubuhi isiyo na mvua. Mwanzoni Bi. Whitlow alimleta akamwacha langoni na kuondoka haraka. Baadaye alikaa ngazini, upande wa pili na Luvenia. Hawakuzungumza sana. Luvenia alimvisha kikongwe kitambaa kichwani dhidi ya jua, na mwenyekiti aliona, akanyamaza.

Baridi ilipoingia, Mama Arzella alipata homa ya mapafu, akafa Februari. Alikuwa amesema azikwe Georgia. Bi. Whitlow alibisha mlango wa Luvenia.

"Sijawahi kusafiri kwenda kule tangu nipate akili," akasema. "Sijui mtu anaingia behewa gani. Sijui anakula wapi."

"Nitakuja na wewe," Luvenia akamjibu. "Chakula tutabeba."

Mambo ya safari ile Luvenia alinisimulia miaka mingi baadaye, Bi. Whitlow akiwa naye amekwisha kufariki. Walikula kuku wa kukaanga kutoka boksi la viatu, wakiwa wamebanwa na mizigo ya watu katika behewa la weusi. Makaburini, udongo ulikuwa umefagiliwa wote, hakuna jani. Baadaye, nyumbani kwa ndugu, shangazi mmoja akamshika Bi. Whitlow mashavu akasema, "Tensie! Wewe ulizaliwa katika chumba kile pale. Mimi ndiye niliyekupokea." Bi. Whitlow akaomba aoneshwe chumba. Aliingia peke yake, akakaa mpaka wakamwita kula.

"Alilia?" nilimuuliza Luvenia.

"Sikumfuata ndani. Hayakuwa yangu."

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Walisalimiana, wakaulizana hali, basi. Nyasi za Bi. Whitlow ziliendelea kukatwa kila Jumamosi, na sheria za kuku na vitambaa zilibaki dirishani. Lakini kwenye mkutano wa Aprili, karani mmoja wa posta alisimama na kuuliza chama kitafanya nini kuhusu ule uwanja wa Tolbert, maana kikombe kitatupita tena. Bi. Whitlow akamtazama juu ya miwani.

"Tuendelee na ajenda inayofuata," akasema.

Miaka ikapita, Ezell akastaafu kiwandani, akapanda nyasi kidogo nyuma ya nyumba, karibu na gereji, upana wa kitanda hivi. Jumapili alitoa kiti akakaa juu yake na kofia yake, miguu imenyooshwa. Luvenia alipokuwa akifagia nyuma, alifika ukingoni mwa zile nyasi, akazizunguka.