Vitambaa vya Kanga Kwenye Gati la Mikandaani

Ujumbe wa sauti ndio ulionitoa Morogoro. Bi Salima, mwenyeji wangu wa zamani katika kijiji cha Mikandaani, huko kwenye delta ya Rufiji, safari hii hakusalimia wala hakuulizia wajukuu. Alisema tu: "Dada Zuhura, hebu tuulizie hao wenzio. Sie tumewakosea nini? Mwaka wa pili huu boti ya kliniki haifiki, na Mwajuma wangu ana mimba ya miezi sita."

Nilikuwa nachambua mchele, na mchele ukanishinda. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa muuguzi wa boti ile. Kila mwezi tuliingia Mikandaani kupima wajawazito na kuchanja watoto, mimi na nahodha wetu, marehemu Mzee Shomari. Nilipostaafu nikahamia kwa binti yangu nikajiambia kwamba sasa napumzika. Uongo mtupu. Harufu ya tope la mikoko, ambayo wageni huizibia pua, mimi huku milimani naitamani kama mwenye njaa anavyotamani chakula cha kwao.

Jumatatu saa nne asubuhi nilishuka Kibiti. Mji umenenepa, pikipiki zimejaa hadi kwenye milango ya maduka. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi inayopanga safari za boti, nikamkuta kijana mmoja mpole, Idrisa, ambaye sikuwahi kumwona. Alinipa shikamoo, akanitafutia kiti kisichoyumba.

"Bajeti imekatwa, mama," aliniambia. "Zamani tulipewa mafuta ya safari kumi na mbili kwa mwaka, sasa ni ya safari nne. Kwa hiyo lazima tuzipeleke kwa wanaozihitaji."

Akafungua daftari. Kwenye mstari wa Mikandaani palikuwa na safari tatu, zote za Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mbele ya kila moja paliandikwa: wananchi hawakujitokeza.

"Wenyewe hawataki," alisema, tena kwa masikitiko. "Mwezi ujao tunapanga mpango wa mwaka. Nadhani Mikandaani tutaiondoa."

Neno lile, hawataki, lilinichoma. Wanawake wale nimewaona wakikata maji ya kiunoni na watoto mabegani, wakinifuata mimi na mizani yangu. Lakini Idrisa hakuwa na uso wa mwongo, na daftari lilikuwa mbele yangu. Nilitoka na hasira nisiyojua nimtupie nani.

Kesho yake, kupitia Bungu, nilifika Nyamisati na kupata boti ya abiria iliyokuwa ikirudi deltani. Nilikaa karibu na magunia ya unga. Mwanamume mmoja mkata boriti alikuwa akieleza kwa sauti kwamba Serikali imeshawahesabu watu wa visiwani kuwa wafu. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akasema wafu wana nafuu, wao huombewa dua. "Manesi wa siku hizi wanaogopa tope," aliongeza. "Wanataka miguu yao ibaki myeupe."

Sikujitambulisha. Miguu yangu nikaiingiza chini ya gunia.

Saa nane mchana tukaingia mkondo wa Mikandaani. Maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, boti ikapita mlangoni bila hata kugusa chini. Nilipoiona boriti ya gati, machozi yalinitoka, na sikuona haya.

Watu wa Mikandaani wana desturi yao ambayo sijaikuta kijiji kingine. Mwanamke akijua ni mjamzito, hukata kipande cha kanga yake akakifunga kwenye boriti ya gati. Mzee Shomari alikuwa akivihesabu kwa mbali na kuniambia niandae kadi ngapi. Mwenyewe hakifungui, wala mumewe. Hufunguliwa na muuguzi, siku mtoto anapopimwa uzito kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo vigelegele hupigwa.

Siku ile boriti ilikuwa imevimba kwa vitambaa. Vingine vimepauka hata maua hayaonekani. Bi Salima, aliyekuja kunipokea, alinionyesha kimoja kimoja. Mwenye hiki yule pale anakimbiza kuku. Mwenye hiki ameshaota meno.

"Na hiki chekundu?"

"Hicho mtoto hakukaa," alisema, akanishika mkono tuondoke.

Cha Mwajuma kilikuwa juu kabisa, cha kijani, bado kipya.

Nyumbani kwa Bi Salima tulikula wali na kaa wa nazi. Mwajuma alikula kidogo. Miguu yake ilikuwa imevimba kuliko nilivyopenda, lakini kipimo cha presha sikuwa nacho. Nikamweleza mama yake yale niliyoyakuta kwenye daftari. Bi Salima akaweka tonge chini.

"Hatukujitokeza? Dada, twashinda gatini juani mpaka maji yanakupwa. Siku zetu ni zilezile. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu."

"Na Jumatano ya kwanza?"

"Jumatano ya wapi? Maji mafu boti ipite wapi?"

Nikaacha kula. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji hujaa sana na mkondo hupitika. Katikati yake ni maji mafu, hayapandi vya kutosha, na mlango wa mkondo hubaki tope. Nikazihesabu vidoleni tarehe za daftari: Jumatano zao zote tatu ziliangukia humo. Hilo nililijua miaka kumi na minne. Mzee Shomari ndiye aliyekuwa akihesabu siku za mwezi, kichwani, na mimi nikijaza fomu. Fomu iliuliza tarehe, nikaandika tarehe. Sikuandika hata mara moja kwa nini tarehe hiyo.

Alhamisi nilirudi Kibiti na kumweleza Idrisa yote, pamoja na kosa langu. Alifungua tena daftari.

"Ni kweli, wenzangu walisema walikwama mlangoni," alisema. "Walipiga honi, hakuna aliyetokea, wakarudi. Mimi mtu wa Singida, mama. Bahari nimeiona ukubwani."

Tulicheka wote wawili, yeye zaidi. Kisha tukashusha kalenda ya ukutani, tukazungushia wino siku za bamvua hadi Desemba, na kando yake nikaandika sababu, kwa herufi kubwa. Jina la Mikandaani lilibaki kwenye mpango. Safari nne zilibaki nne.

"Mafuta siwezi kuyazaa, mama," alisema.

Nimejifunza kwamba bajeti ikikatwa, kinachopotea si safari tu. Huku waliandika kwamba watu hawataki, kule watu wakaamini kwamba wamedharauliwa, na wote walikuwa wakingojana, mmoja Jumatano, mwingine mwezi mpevu. Aliyejua alikuwa Morogoro, anachambua mchele.

Jana, miezi mitatu baada ya safari ile, ulikuja ujumbe mwingine wa sauti. Boti ilifika kwa bamvua. Muuguzi, binti mdogo asiyeogopa tope, alimpima Mwajuma akakuta presha iko juu, akampakia humohumo hadi hospitali. Amejifungua salama, mtoto wa kike. Kabla ya kuondoka, muuguzi alionyeshwa vitambaa, akafungua vya zamani vyote, na watoto wenye meno wakapigiwa vigelegele vyao vilivyochelewa. Chekundu wakamwomba akiache.

"Sasa cha kijani," Bi Salima alisema mwishoni, na nyuma ya sauti yake nilisikia maji yakigonga gati. "Boti hairudi mpaka miezi mitatu, na Mwajuma hataki kisubiri. Mizani unayo weye. Njoo ukifungue mwenyewe."

Mizani iko juu ya kabati. Nimeishusha, nimeifuta vumbi, na jioni nilitoka uani kuangalia mwezi umefika wapi.