Vokali ya Mujomba Kwenye Bafle

Ngojeni nimalize kwanza ndipo mucheke, maana aibu niliyoipata Kasongo siku ya kumuposa Mwamini siwezi kumuombea hata adui.

Kwetu Kabambare kijana haposi bila mujomba wake kusema neno mbele ya wakwe, na mujomba wangu Salehe iko Salamabila, na mvua ilikuwa imekula barabara ya kule, hata pikipiki hazipiti. Basi akanirekodia neno lake kwenye simu (sisi tunasema vokali), neno zuri kabisa. Mwamini akanishauri, "Umuwekee baba karibu na sikio, inatosha." Mimi ni mutu wa kusikia inatosha? Nikaazima bafle kubwa ya jirani, ile ya kupigia muziki kwenye harusi, nikaiunga na simu bila waya, nataka Kasongo wajue kama watu wa Kabambare nao wameendelea!

Uwanja umejaa. Mujomba akatoka mule ndani ya bafle: "Bismillahi, wakwe zetu waheshimiwa..." Wazee wakatikisa vichwa, Muzee Rajabu, baba yake Mwamini, na tumbo lake lile, akafuta machozi (ndiyo, machozi!), amina zikaitikiwa, na mimi kifua mbele.

Sasa nani aliniambia kwamba vokali ikiisha simu inajiendea yenyewe kwenye ile inayofuata? "Mupwa wangu, ile ilikuwa ya wakwe, hii ni yako peke yako. Wakitaja mbuzi wengi, anza kukohoa, sema uko mugonjwa. Na ule muzee mwenye tumbo, umupatie kofia mupya tu, atanyamaza, watu wa Kasongo ukiwasifu wanakupa hata nyumba..."

Yee mama! Nikarukia simu, jasho linanitoka, vidole vinateleza, badala ya kuzima nikagusa pale pa kuongeza mwendo, mujomba akaanza kusema mbio kama kuku anayefukuzwa jikoni. Nikapiga kelele, "Wakwe, hayo ni ya mujomba, mimi simo!" Na hapo hapo, kwa mbio ile ile, likaingia jibu langu mwenyewe, ninacheka: "Mujomba, kofia nimekwisha kununua! Na kichwa chake kile, nimezunguka soko zima!"

Mwamini akajifunika uso kwa kitenge, nikajua muke amekwenda.

Muzee Rajabu akasema polepole, "Rudisha pale."

"Pale wapi, baba?"

"Pale pa kofia. Ilikuwa inakimbia, sikusikia vizuri."

Nikarudisha, mwendo wa kawaida, neno kwa neno, mbele ya watu wote. Kisha akanyoosha mukono: "Lete." Nikaitoa mufukoni (ee, nilikuwa nayo!), akaivaa, ikakataa kuingia. "Umezunguka soko zima," akasema, "na kichwa chenyewe hukukipima. Mwamini utamupata siku mujomba wako atakuja hapa kwa mudomo wake, na kofia inayonienea. Mudomo, si bafle."

Mujomba alikuja, matope mpaka magotini, na mpaka leo salamu yangu anaiitikia kwa kukohoa. Mwamini nilimupata, Mungu ashukuriwe. Lakini baba mukwe kwenye simu yake ameweka foto moja tu, yeye na ile kofia ndogo imekaa juu ya kichwa, na kila akinipigia ndiyo inayotokea, nami ninasimama wima kabla sijaitika. Vokali sirekodi tena. Nikiwa na neno la siri ninakwenda kulisema mwenyewe, na mvua ikinyesha, ninanyamaza.