Mume wa Nkambo Ndani ya Tele

Nianze na jina, kwa sababu shida yote ilitoka pale. Mimi ni msichana, lakini ninabeba jina la babu, baba yake baba. Kwetu Waluba majina mengi hayachagui mwanamke wala mwanaume, na mtoto anayepewa jina la marehemu haonekani kama kumbukumbu yake. Anaonekana kama yeye mwenyewe amerudi, amepungua kimo tu. Ndiyo maana baba ananiita "baba". Mama, roho yake ikiwa imetulia, ananiheshimu kama mkwe; akikasirika anasahau ukwe wote na kunikimbiza na mwiko. Na nkambo, ndiye bibi yetu, ananiita "mulume wami", yaani bwana yangu. Ananiita hivyo sokoni, mbele ya wavulana wa darasa langu.

Mimi ni mtu wa haya. Prof, mwalimu wetu, akiniuliza kitu ninachokijua, ninasimama na kuangalia viatu vyangu mpaka achoke na kumwuliza mwingine. Sasa mtu wa namna hiyo, umpe bibi anayeita kutoka kwenye meza yake ya sombe, majani ya muhogo: "Bwana yangu, kuya unibebee kitunga, mugongo inaniuma."

Babu alikuwa mtu wa reli. Alikuwa anafika, anakula, analala, anaondoka. Safari yake ya mwisho aliondoka na bukari, ugali wetu, ndani ya sahani ya bati ya buluu, imefungwa na kitambaa, akaugua akiwa kazini Luena, akazikwa kule kabla habari haijafika kwetu Kamina. Nkambo hakumwona akirudi. Hazungumzi sana juu ya kifo chake. Anazungumza juu ya sahani. "Alienda na sahani yangu," anasema, na sisi tunajua siku hiyo amemkumbuka, tunatembea polepole.

Sasa nije kwenye chombo cha mchezo, kile kinachounganishwa na televisheni. Kilikuwa cha majirani zetu, watu wa Kasai, ambao walifukuzwa kwetu wakati ule Wakasai wote walikuwa wanajazana kwenye wagoni za treni. Hawakupata nafasi ya vitu. Walituletea tele ndogo na chombo chenyewe, wakasema: "Mutuchungie," yaani tuwatunzie. Mama alivifunga kwenye kitenge na kuviweka juu ya kabati, na miaka ikapita. Baba ndiye aliyesema kwamba chombo kisipoguswa kinaoza, na kwamba kuchunga ni pamoja na kutumia. Alisema hivyo huku ameshaanza kufungua kitenge.

Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja tu. Mtu mdogo mwenye kofia na mfuko begani anatembea kwenda kulia. Kuna mashimo, kuna ndege wenye hasira, kuna mawe yanayoanguka bila sababu. Ana maisha matatu. Yakiisha, anasimama tena mwanzo wa barabara kama hajawahi kupita pale. Maelezo yote yalikuwa kwa maandishi ya Kichina, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyejua yule mtu anakwenda wapi wala ametumwa na nani.

Hapo ndipo masolo, yale maongezi ya kubishana, yalianza. Mama, anayeongoza kwaya ya wanawake kanisani kwetu Metodisti, alisimama mlangoni na kuangalia.

"Muntu anakufa mara moja, kisha hukumu," alisema. "Huyu anakufa toka asubui. Atahukumiwa na nani, na saa ngapi?"

"Mama, ile haiko muntu," alijibu kaka yangu. Yaya, ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, alikuwa mwaka wa sita wa sekondari na alikuwa ameanza filozofia, ugonjwa unaowashika wengi mwaka ule. "Ni mwangaza tu. Kitu kama hakijue kama kiko, basi hakiko."

Nkambo alikuwa anachambua mchele. "Na weye, unajua kama uko?"

"Ninajua, nkambo."

"Basi kuya utwange muhogo."

Mchezo, kabla ya kuanza, ulikuwa unaomba jina. Herufi zilikuwa zetu, a, be, se, hizo tuliziweza. Siku moja niliandika la kwangu. Sikufikiri juu ya babu. Nilifikiri juu yangu mwenyewe, jambo ambalo kwetu halina nafasi kubwa. Herufi za mwisho hazikuingia, chombo kilikuwa na haraka zake. Nkambo akamwuliza yaya wameandika nini pale juu, na yaya akasoma.

Mikono ya nkambo ilisimama ndani ya mchele.

"Ni yeye?"

"Ni jina tu, nkambo," alisema yaya.

"Na mukia ya jina yake wameweka wapi?"

Wote wakaniangalia mimi, na kwa kuangaliwa nilimtumbukiza mtu wangu shimoni. Ukapigwa ule wimbo mfupi wa kuanguka.

"Ameanguka," alisema nkambo.

"Atasimama," nikasema. "Iko na maisha mbili ingine."

"Luena pia walisema atasimama."

Kuanzia siku hiyo, kila umeme uliporudi, nkambo alileta kigoda chake mbele ya tele. Alimpa yule mtu mashauri. "Pita chini ya ndege. Chini. Sasa ruka, bwana yangu." Sikujua kama anazungumza naye au na mimi, na nadhani yeye pia hakuona tofauti. Yaya alipomkumbusha kwamba hatujui mtu yule anakwenda wapi, nkambo alimwangalia kwa huruma.

"Hakuna muntu anatembea vile na mufuko kama haendi kwake."

Mimi nilikuwa na fikira yangu ambayo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Kama mimi ninamshika huyu, ninamwangusha na kumsimamisha, na tunaitwa jina moja, basi mimi ninashikwa na nani? Na huyo anayenishika, je, anaona haya kama mimi, na ndiyo sababu ananiangusha watu wakituangalia? Mwishowe nilimwuliza yaya. Alifikiri sana, kisha akasema lile ni swali la mwaka wa sita na mimi niko wa nne.

Babu wa ndani ya tele hakuwahi kufika. Umeme wetu siku hizo ulikuwa unakuja kama mgeni asiyekaa, na chombo hakikuwa na kumbukumbu: ukizimika, yule mtu anarudi mwanzo wa barabara. Nkambo alikuwa anabeba kigoda chake na kwenda kulala mchana.

Kisha ile vita ya pili ya nchi yetu ikasogea. Shule ilifungwa. Ndege za jeshi zilikuwa zinapita chini chini kwenda Base, kambi yao, mpaka sahani zinalia kabatini. Watu wa kutoka upande wa Kabongo walianza kupita mbele ya nyumba yetu na magodoro kichwani na kuku kwenye baiskeli, na kila mmoja alisema wanajeshi wa upande mwingine wako nyuma yake tu. Mama alifunga mizigo. Na siku moja, kabla ya saa sita, baba akatoka kwenye ofisi yake ya reli, ambako kwa miezi alikuwa anakaa bila treni ya kuandika, akasema inasemwa kwamba jioni treni moja itaondoka kuelekea Luena.

Nkambo alikuwa kwenye kigoda, mbele ya tele iliyozimika.

"Minyi siendi," alisema.

"Mama, adui anakuja," alisema baba.

"Bwana yangu iko njiani anakuja hapa. Minyi niende Luena, yeye afike Kamina, akute mulango imefungwa? Tutapishana. Yeye na minyi tulisha kupishana mara moja, ilitosha."

Baba aliomba. Yaya alieleza filozofia yote aliyofika nayo. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye familia yake ilikuwa inatungojea tuende pamoja, aliingia akazungumza juu ya usalama wa raia. Nkambo aliwasikiliza wote kwa adabu kama mtu anayesikiliza mvua.

Mama aliingia chumbani na kurudi amebeba batri ya kanisa. Hii lazima nieleze. Mikro, kipaza sauti cha kanisa letu, inatumia batri ya gari, na kwa sababu ya wezi batri hiyo inalala kwetu, chini ya kitambaa cheupe. Tunaiita batri ya Mungu. Siku moja yaya aliigusa kwa kidole tu, akanyimwa nyama. Mama huyo huyo aliitua mbele ya tele, akaunganisha nyaya na ule mkebe unaogeuza umeme wa batri uwe umeme wa nyumba, akanigeukia.

"Mukwe," alisema, "cheza."

"Mama?"

"Cheza mubaba afike kwake, tuende. Na cheza mbio."

Nikashika kile kidude cha vifungo. Nyuma yangu walikuwepo baba, yaya, mwenyekiti na watu wake wote na mizigo yao, wamejaa mlangoni na dirishani. Sijawahi kuangaliwa na watu wengi hivyo. Vidole vyangu vikawa vya mtu mwingine. Babu akaanguka kwenye shimo la kwanza, shimo ambalo hata kuku angeruka. Watu wakaguna. Akasimama, akapigwa na ndege. Wakaguna tena, na mwenyekiti akasema kwa sauti kwamba kijana wake angeweza vizuri zaidi.

Yakabaki maisha ya mwisho. Nkambo akainuka.

"Mugeuke," aliwaambia.

"Tugeuke namna gani?" aliuliza mwenyekiti.

"Muangalie ukuta. Wote. Huyu iko na haya, hata zamani alikuwa na haya. Siku ya posa yetu alijificha nyuma ya shangazi yake mpaka wakamusukuma. Mugeuke."

Wakageuka. Mwenyekiti wa mtaa, baba yangu na watu wazima wengine walisimama na mizigo kichwani, pua ukutani, kama watoto waliofanya kosa darasani. Yaya alijaribu kuchungulia, mama akamrudisha shingo.

Migongo yao ikiwa kwangu, nilicheza. Sikuruka vizuri tu. Nilijua mawe yataanguka wapi kabla hayajaanguka. Nkambo hakunishauri tena. Nilisikia pumzi yake karibu na sikio langu. Tulipita mahali tulipozoea kufia, tukapita mto, tukapita mlima mweusi ambao hatujawahi kuuona, na taa ndogo ya ule mkebe wa umeme ilikuwa imeanza kufifia. Kisha barabara ikaisha. Palikuwa na nyumba moja, mlango wazi, mwanga wa manjano ndani. Yule mtu mwenye kofia akaingia bila mimi kugusa kitu. Mlango ukafungwa.

"Amefika," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa, nikaona haya.

"Tugeuke?" aliuliza mwenyekiti kwa ukuta.

"Bado," alisema nkambo. Alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa mdomoni.

Mlango ukafunguka tena. Yule mtu akatoka, kofia yake, mfuko wake begani. Maandishi ya Kichina yakapita juu. Akasimama mwanzo wa barabara ile ile na kuanza kutembea kwenda kulia.

Niliogopa kumwangalia nkambo. Nilifikiri sasa hatutaondoka kamwe, adui atatukuta pale pale. Lakini nkambo alikuwa anacheka. Alikuwa anacheka na machozi yanashuka, na tumbo lake linaruka chini ya kitenge.

"Njo yeye," alisema. "Ni yeye kabisa. Anafika, anakula, anaenda. Maisha yake yote alikuwa vile, na minyi nilifikiri ile mara ya Luena ilikuwa kitu ya mupya."

Kisha akaingia jikoni, akachukua bukari na sombe iliyobaki, akaviweka kwenye sahani na kuiweka chini mbele ya tele, imefunikwa. Akajitwika mzigo wake. "Tunangojea nini? Mumesimama kama bibi harusi. Twende."

Kwenye stesheni tulikaa mpaka jua likaegemea upande. Tukiwa pale mama alikumbuka kwamba batri ya Mungu imebaki wazi sebuleni, akamtuma yaya akaifunike. Yaya alienda, akakaa sana, akarudi anatembea polepole kuliko alivyoenda. Treni haikuja. Baadaye mwanajeshi mmoja alipita akasema hakuna treni, hakuna adui, hakuna kitu, rudini nyumbani. Tukarudi, mwenyekiti akieleza njiani kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Jumapili ile mchungaji alishika mikro iliyokufa, akahubiri kwa koo lake mwenyewe mpaka likakauka, na mama aliimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Lakini jioni ile, nkambo ndiye aliyefungua mlango. Tele ilikuwa nyeusi, batri imekufa. Sahani ilikuwa pale pale mbele yake, kifuniko pembeni, tupu, imepanguswa kwa kidole.

Sisi wote tulimwangalia yaya. Alikuwa na jani dogo la sombe kwenye kona ya mdomo.

Nkambo aliinama, akaichukua sahani na kuigeuza geuza mikononi.

"Weye wa filozofia," alisema. "Ulisema hakuna muntu mule. Sasa nani alikula?"

Nilimwona yaya akifikiri. Upande mmoja kulikuwa na yote aliyosomeshwa mwaka ule. Upande mwingine kulikuwa na mama, na mwiko. Alinitupia macho, kama mimi ningeweza kumsaidia, na mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Ni yeye, nkambo," alisema.

"Eyo," alisema nkambo. Aliipangusa sahani kwa kitenge chake na kuipeleka kabatini. "Na hii mara, sahani ameiacha."