Gommaar na Jiwe la Mraba

Shemeji yangu Gommaar Dierckx hakulia siku tuliyomzika dada yangu Paula. Baada ya ibada tulikaa kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, hapa kwetu Nijlen, kunywa kahawa ya msiba kama ilivyo desturi. Alikula vipande vitatu vya mkate na nyama ya nguruwe, akaomba haradali, kisha akamuuliza jirani kama viazi vyake vilipona ule ugonjwa wa ukungu. Nilikuwa namtazama kutoka upande wa pili wa meza. Nikasema moyoni, mwanamume huyu ameishi na dada yangu miaka arobaini na mitatu, na leo anaulizia viazi. Kweli mimi mwenyewe sikulia. Lakini mimi ni dada mtu, na machozi yangu sina haja ya kumwonyesha yeyote.

Ilikuwa Oktoba. Tangu siku ile nilikuwa naamka, naosha vyombo, nalala. Uchungu sikuusikia. Nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: najua jino limeng'olewa, lakini shavu halisemi kitu.

Gommaar alikuwa na miaka sabini na moja. Kazi ya kusaga almasi aliianza akiwa na kumi na minne, kama nusu ya wanaume wa rika lake hapa kijijini. Karakana yake ipo nyuma ya nyumba, mwisho wa bustani ya kabichi, na madirisha yake makubwa yanatazama kaskazini. Yeye ndiye aliyekuwa msagaji na Paula ndiye aliyekuwa mpachikaji. Almasi huwezi kuisaga umeishika mkononi. Lazima ipachikwe kwenye risasi, ile metali nzito, ikiwa bado ya moto na laini; risasi ikipoa msagaji anaikandamiza juu ya sahani ya chuma inayozunguka, yenye mafuta na unga wa almasi. Uso mmoja ukiisha, risasi inalainishwa tena na jiwe linageuzwa. Anayeligeuza hutumia vidole vyake mwenyewe. Mimi nami niliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, mpaka nilipochoka kunusa risasi nikaenda kuuza jibini.

Sasa kuna jiwe. Lilikuwa la mama yetu. Alipewa na bibi mmoja wa Antwerp aliyemtumikia jikoni tangu usichana, na kwa familia kama yetu lilikuwa mali pekee iliyostahili kuitwa mali. Ni jiwe la zamani, la mkato tunaouita mto, kama mto wa kulalia, yaani mraba uliolainishwa pembe. Paula alilirithi kwa kuwa ndiye mkubwa, akaliweka kwenye droo. Hakulivaa hata siku moja. Mimi nilidhani ni unyenyekevu, na niseme ukweli, uliniudhi. Mimi ningelivaa hata kwenye kulisha kuku.

Februari alikuja Veerle, mjukuu wao anayesoma Gent. Alikuwa anaolewa mwezi wa tano, na bibi yake alimwachia jiwe lile. Tulikaa watatu jikoni kwa Gommaar, pete ya zamani mezani katikati ya vikombe. Ilikuwa imeliwa mpaka ikawa nyembamba kama uzi, na jiwe lilikuwa limemeguka kidogo upande mmoja.

"Babu, mimi nataka la kizamani hivi hivi," Veerle alisema. "Sitaki haya ya siku hizi yanayokumulika machoni kama taa za gari."

Gommaar aliweka lenzi jichoni, akaiinua pete. "Pengo hilo lazima litoke," alisema. "Kwa hiyo lazima tuchague. Ukubwa, na mkato."

"Ukubwa si ni karati tu? Si unapima kwenye mizani?"

"Acha mizani. Mizani ni ya wafanyabiashara." Akaligeuza jiwe kitako juu. "Unaona hili lilivyo na makalio? Mawe ya zamani uzito wake uko chini, huko ambako hakuna mtu atakayeuona. Ukiliweka na la kisasa la uzito uleule, la kisasa litaonekana kubwa zaidi kwa juu. Kwa hiyo jiwe la zamani hulichagui kwa mizani. Unalichagua kwa mkono wa atakayelivaa. Kuna mkono unataka mraba, kuna mkono unataka duara, na kuna mkono unataka jiwe refu."

"Basi, mkono huu hapa." Veerle akanyoosha wake juu ya meza.

Gommaar hakuutazama. Alikuwa bado na lenzi jichoni. "Mkono naujua," alisema.

"Unaujua wapi, Babu? Hujanishika mkono tangu komunyo yangu ya kwanza!"

"Naujua, nimekwambia."

Veerle akanikonyeza, tukacheka kidogo. Nilidhani ni yale majivuno ya mafundi wazee, ambao hata ukiwaletea mguu watakwambia wanajua kiatu.

Nilikuwa nampelekea supu kila Jumatano, kwa sababu najua Paula angetaka hivyo. Jumatano iliyofuata nilimkuta karakanani, sahani ya chuma inazunguka tena baada ya miaka mingi. Alikuwa amefinyanga vijiwe vitatu vya risasi, kimoja cha mraba, kimoja cha duara, kimoja kirefu chenye pembe laini. Alikuwa amefunga vibao vya madirisha mchana kweupe na kuwasha mshumaa, kwa kuwa mawe ya mkato kama ule yalikatwa zamani za mishumaa na ndiyo taa yanayoielewa. Akawa anavisogeza vijiwe vile juu ya kitambaa cheusi.

"Supu inapoa," nilimwambia.

"Iache ipoe. Shemeji, utanipachikia?"

Sikutarajia. Kile kiti cha mpachikaji kilikuwa cha Paula. Nilikaa, nikavaa aproni yake, na hakuna kilichonigusa. Ilikuwa aproni tu.

"Unaondoa pengo tu, sivyo?" niliuliza. "Ubakize mraba wake. Karati moja na nusu itabaki, na zaidi."

"Nalifanya refu."

"Refu? Ili liwe refu itabidi usage pande zote mbili. Unalitibu jeraha kwa kukata mguu, Gommaar!"

"La mraba linakaa vibaya."

"Linakaa vibaya wapi?"

"Kidoleni," alisema, akaweka mafuta kwenye sahani.

Ningeweza kugombana naye. Ni jiwe la mama yangu, na almasi ikishasagwa haina kurudi, unga wake unapotelea kwenye mafuta na basi. Mwanamume huyu alikuwa akinuna wiki nzima akipoteza punje ya uzito kwenye mawe ya watu wengine. Sasa anamwaga robo ya jiwe letu kwa mkono aliokataa kuutazama. Lakini hasira yangu yenyewe ilikuwa imelala. Nikasema, "Haya, wewe ndiye fundi," nikalainisha risasi kwenye moto, nikalipachika.

Tulifanya kazi hivyo Jumatano sita. Yeye alisema "geuza," nami niligeuza. Tulizungumza habari za mvua, habari za paka wa jirani, habari za padri mpya anayehubiri kama anauza nguo. Jina la Paula halikutajwa. Siku moja nilifika nyumbani nikaona lengelenge kubwa kwenye dole gumba. Nilikuwa nimeshika risasi ya moto na sikusikia kitu. Nikalitumbua kwa sindano, nikaenda kulala.

Kuna siku nilimtazama akiwa ameinama, nyusi zake nyeupe zimejaa vumbi, nikamuuliza kwa ubaya, "Hivi wewe usiku unalala?"

"Nalala."

"Unaota?"

"Sioti." Akanyanyua jiwe, akalipuliza. "Geuza."

Mwisho wa Machi liliisha. Lilikuwa zuri, na kusema kinyume ningekuwa mwongo. Lilikuwa refu kama punje ya mchele ulionona, pembe zake laini, nyuso zake pana, na ndani yake mwanga ulitembea taratibu bila papara. Lilikuwa pia limeshuka kutoka karati moja na robo tatu hadi moja na moja ya tano. Nililipima mimi mwenyewe alipokwenda msalani.

Jumamosi Veerle alikuja kulijaribu kabla halijapelekwa kwa sonara kule Lier. Tulisimama karakanani dirishani. Gommaar alichukua nta kidogo, akalibandika jiwe juu ya kidole cha pete cha Veerle, akarudi nyuma hatua mbili.

Mikono ya Veerle ni ya upande wa mama yake, vidole vyembamba na virefu. Jiwe lile juu ya kidole kile lilirefusha kilichokuwa tayari kimezidi urefu. Ilionekana kama amemea kucha ya pili. Kila mmoja wetu aliliona.

"Ni zuri sana, Babu," Veerle alisema. Kisha akashindwa kujizuia, akacheka. "Ila nimekuwa kama nimeshika sindano za kufumia!"

Gommaar hakucheka. Alikuja, akaushika ule mkono kwa mara ya kwanza, akaugeuza huku na huku.

"Huu siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo mkono wenyewe."

Hapo nikachoka naye. "Mkono wa nani basi, shemeji? Si huyu ndiye bibi harusi? Ulisema unaujua! Umesaga jiwe la mama mpaka limekwisha, kumbe ulikuwa unafikiria nini?"

Aliketi kwenye kiti chake. Alisema kwa sauti ileile aliyoulizia viazi.

"Aliniambia mwaka tuliooana. Paula. Alisema, Gommaar, jiwe hili la mama linakaa kidoleni kwangu kama sahani juu ya soseji. Ukipata nafasi nirefushie. Nikamwambia nitalifanya baada ya Krismasi."

"Krismasi ipi?" nikauliza.

"Ya mwaka hamsini na moja."

Alieleza bila kunitazama. Baada ya Krismasi ile yaliingia mawe ya bosi, kisha mengine. Kila mwaka karakana ilijaa mawe ya wake za watu wengine. Paula aliyapachika yote kwa vidole vyake na hakumkumbusha.

"Na ulipostaafu?" niliuliza.

"Nilipostaafu nikaona aibu. Ningeanzia wapi?" Akaangalia sahani ya chuma. "Nimeuona mkono wake miaka yote ile hapo mbele yangu, shemeji. Nilipoanza kupima sikujua kama napima wake. Nilidhani nafanya la mtoto."

Kisha akainuka haraka, akamfuata Veerle. "Lete. Nitalifupisha liwe duara. Litakuwa dogo, lakini litakufaa."

"Hulisagi tena," Veerle alisema, akafunga ngumi. "Sikia, Babu. Sonara atalilaza. Badala ya kusimama kufuata kidole, lilale kwa upande, likikatiza kidole. Angalia." Akaligeuza kwenye nta. Ni kweli, lilipolala lilikaa vizuri, kama lilikuwa limekusudiwa hivyo. Watoto wa siku hizi hawana adabu kwa desturi, na mara nyingine ni heri.

Kisha akalibandua. "Bibi Roza, hebu na wewe lete mkono."

"Mimi wa nini? Naolewa mimi?"

"Lete tu."

Mimi na Paula tulikuwa na mkono wa aina moja. Mfupi, mpana, vidole vinene vilivyoungua kwenye vifundo. Shuleni mtawa mmoja alinichapa viganja kwa kosa la Paula na hakuna aliyegundua. Veerle alibandika jiwe kwenye kidole changu cha pete, likiwa limesimama kwa urefu wake, jinsi lilivyokatwa.

Lilikaa. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kidole changu kikawa kidole cha mtu aliyependwa. Nilijiona mjinga kwa kufikiri hivyo, na nikaendelea kufikiri hivyo hivyo.

Gommaar alinishika kifundo cha mkono, akanivuta karibu na dirisha. Alikuwa anautazama mkono tu, uso wangu hakuuona.

"Inua kidogo, Paula," alisema. "Nione mwanga unavyoingia."

Veerle aliniangalia. Mimi nilikuwa nimemchukia mwanamume huyu tangu Oktoba, na wakati huo sikuweza kukumbuka nilimchukia kwa nini. Nikauinua.

"Limekaa?" aliuliza.

Nilimjibu kama ambavyo dada yangu angemjibu, kwa kuwa hakuwepo mwingine wa kumjibu.

"Limekaa, Gommaar. Umechelewa, lakini limekaa."

Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, paji lake la uso limeegemea vidole vyangu, nami nikalia naye, na Veerle akaenda kufunga mlango wa karakana ili majirani wasisikie.